Mtambo Unapumua, Mtaa Unasikia

Mazungumzo ya leo ni juu ya matundu: matundu ya kupitisha hewa katika vituo vya kufua umeme kwa gesi, kama vile vya Kinyerezi, Ubungo na Tegeta jijini Dar es Salaam, na juu ya sauti inayotoka humo usiku ikaingia vyumbani mwa watu.

Anayesimama nje ya kituo cha namna hiyo hudhani kelele inapenya ukutani. Mara nyingi ukuta hauna kosa. Ukuta uliojengwa kwa bati mbili, katikati ukajazwa nyuzi za mawe, unaweza kupunguza kelele kwa desibeli 40. Sasa acha humo nafasi iliyo wazi, ndogo tu, asilimia 1 ya eneo la ukuta mzima. Ukuta ule ule sasa hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20. Ukiacha wazi asilimia 10, unabaki na desibeli 10. Na hata ungeubomoa ukajenga wa zege wenye unene wa mita nzima, maadamu nafasi ile imebaki wazi, jibu halibadiliki. Sauti haihitaji mlango mkubwa.

Nikumbushe kidogo maana ya desibeli, kwa sababu hesabu zake huwapotosha wengi, hata walio ofisini. Desibeli haziendi kwa kujumlisha. Mashine mbili zenye kelele sawa, kila moja desibeli 80, zikiwaka pamoja hazitoi 160, zinatoa 83. Kelele ikipungua kwa desibeli 10, nguvu yake imebaki sehemu moja ya kumi, lakini sikio la binadamu husema imepungua nusu tu. Kwa hiyo mtu akikuambia amepunguza kelele ya kituo kwa desibeli 3, amefanya kazi kubwa na ya gharama, na wewe uliye kitandani huenda usitambue tofauti.

Sasa, kama matundu ndiyo yenye lawama, kwa nini yasizibwe? Kwa sababu mtambo usipopumua hauwaki.

Turbini moja ya megawati 40 hivi, ukubwa unaokaribiana na zile zilizofungwa Kinyerezi I, huvuta zaidi ya kilo 100 za hewa kila sekunde. Ni sawa na kufyonza hewa yote ya vyumba vitatu vya futi kumi kwa kumi, sakafuni hadi darini, ndani ya sekunde moja, na sekunde inayofuata vyumba vitatu vingine, usiku na mchana. Hewa hiyo hupita kwenye nyumba ya machujio, ambayo karibu na bahari ina kazi ya ziada ya kuzuia chumvi, kisha huingia kwenye kompresa. Kompresa ina safu za mapanga. Tuseme inazunguka mara 50 kwa sekunde na safu yake ya mbele ina mapanga 30: unapata mlio wa mitikisiko 1,500 kwa sekunde, mwembamba, mkali, unaorudi nje kupitia njia ile ile hewa iliyoingilia. Hilo ni tundu la kwanza.

Bahati nzuri mlio huo ndio ulio rahisi kuzima. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 23 tu. Wahandisi hupanga mabamba manene sambamba ndani ya njia ya hewa, yamejazwa nyuzi za mawe na kufunikwa kwa bati lenye vitobo vidogo. Hewa hupita katikati ya mabamba, sauti huzama kwenye nyuzi na kugeuka joto kidogo sana. Hii ndiyo sailensa ya mtambo. Kadiri mabamba yanavyokuwa marefu ndivyo mlio unavyokwisha. Lakini mabamba hayo hula nafasi ya njia, pengine nusu yake, na hewa ikibanwa hukimbia, na ikikimbia hugharimu. Turbini inayovuta pumzi kwa taabu hutoa umeme pungufu. Ukitaka utulivu bila kupoteza megawati, jenga njia pana zaidi tangu mwanzo. Chuma zaidi, msingi mkubwa zaidi, fedha zaidi.

Tundu la pili ndilo linalonisumbua zaidi, nalo ni bomba la moshi. Gesi iliyokwisha kuungua hutoka ikiwa na joto la nyuzi 450, 500, hata zaidi ya 550, na hubeba mngurumo mzito, mitikisiko 30 na kitu kwa sekunde. Sauti ya namna hiyo katika hewa ya kawaida ina wimbi la mita 11. Ndani ya bomba, kwa kuwa sauti huenda kasi zaidi kwenye joto, wimbi hufikia mita 18. Mabamba ya nyuzi za mawe yanayotosha kumeza wimbi la mita 18 yangehitaji unene wa mita kadhaa, jambo ambalo hakuna mtu atakayelijenga. Ndipo huja vyumba vya pembeni, vilivyopimwa ili sauti iingie, igonge, irudi na kujifuta yenyewe. Ni kazi ya hesabu nyingi, na ikikosewa kidogo, mngurumo huponyoka karibu wote.

Kuna msaada mmoja hapa unaokuja bila kuombwa. Kituo kama Kinyerezi II, cha megawati 240, hakitupi joto hilo angani. Moshi wa turbini hupitishwa kwenye boila, maji yakawa mvuke, mvuke ukazungusha turbini nyingine. Msitu ule wa mabomba ya boila hupunguza joto la moshi na pia humeza sehemu ya mngurumo. Yaani hatua iliyofanywa kwa ajili ya umeme zaidi kwa gesi ile ile, imewafaa na majirani. Kituo kinachotoa moshi moja kwa moja hakina kinga hiyo, kinategemea sailensa yake peke yake.

Tundu la tatu ni la kupooza na kusafisha hewa, na hapa, msikilizaji, naomba usikivu wako, kwa sababu linahusu uhai.

Turbini hufungiwa ndani ya kasha la chuma lenye kinga ya sauti. Ndani ya kasha hilo yamo mabomba ya gesi yenye mgandamizo mkubwa, yenye viungo na valvu nyingi. Kiungo kimoja kikilegea, gesi inavujia mahali palipofungwa, kando ya chuma chenye moto. Gesi asilia ikifikia kama asilimia 5 ya hewa, inaweza kulipuka. Kwa maneno mengine, kasha tulilojenga ili kuzuia kelele ndilo hilo hilo linaloweza kugeuka bomu. Kinachozuia lisigeuke ni feni. Hewa lazima ipite kwa wingi, na lazima ifike kila kona, kwa sababu pembe moja isiyofikiwa na upepo inatosha kukusanya gesi.

Mamlaka ya Afya na Usalama ya Uingereza ililiwekea jambo hili mwongozo wake, unaojulikana kwa jina la PM84. Kipimo chake ni kikali na mimi nakiunga mkono: ukichora ndani ya kasha mpaka wa wingu la gesi pale ilipofikia nusu ya kiwango cha kulipuka, wingu hilo lisizidi sehemu moja ya elfu ya nafasi iliyomo. Mhandisi hulithibitisha hilo kwa kompyuta, akifuatilia mwendo wa hewa kuzunguka kila bomba, na kwa moshi wa majaribio ndani ya kasha lenyewe. Vitambuzi vya gesi navyo huwekwa pale hewa inapotokea, kwa kuwa huko ndiko uvujaji utakakojitokeza.

Basi fikiria mlango wa kasha. Chumba kina joto, fundi anahangaika, jambo la haraka ni kuuacha mlango wazi apate nafuu. Kwa tendo hilo kelele inatoka, hilo kila mtu analisikia. Lisilosikika ni kwamba hewa nayo imebadili njia: inaingia kwa mlango, inakatiza kwenda kwenye feni, na kona za nyuma hazipati kitu. Ndiyo maana mimi huona kwamba mlango wa kasha uliofungwa sawasawa, wenye raba zake zote, hukueleza mengi juu ya uongozi wa kituo kuliko ripoti yoyote iliyojalidiwa. Fundi mwenyewe hana lawama pekee. Aliyemjengea mahali pasipokalika ndiye aliyeufungua mlango ule. Na fundi huyo ana masikio. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri kila zikiongezeka desibeli 3 muda ukatwe nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, na ukifika 100, dakika 15 tu. Ndani ya ukumbi wa injini za gesi kelele hupita hapo kwa urahisi. Vikinga masikio ni lazima, lakini ni ngao ya mwisho.

Nimetaja injini. Vituo vya Ubungo I na Tegeta havitumii turbini, vinatumia injini kubwa za pistoni zilizopangwa ukumbini. Hizo hutoa joto jingi ubavuni, na hapo ndipo pwani yetu inapojitenga na nchi ambako nyingi ya mashine hizi hubuniwa. Chukua injini moja na jenereta yake zinazomwaga ukumbini kilowati 500 za joto. Umeamua ukumbi usizidi nyuzi 42. Mahali ambapo hewa ya nje ni nyuzi 12, una nafasi ya nyuzi 30 za kupandisha, unahitaji kama mita 14 za ujazo za hewa kwa sekunde. Dar es Salaam mwezi wa Februari, nje ni nyuzi 32. Umebaki na nyuzi 10. Unahitaji zaidi ya mita 40 za ujazo. Mara tatu! Feni mara tatu, au matundu mara tatu, kwa injini moja, na injini hazikai moja.

Hapo unaona kosa la kununua kituo kwa kunakili michoro ya nchi ya baridi. Sailensa zilizotosha kule, huku hazitoshi. Ukizibakiza zile zile, hewa itakimbia mara tatu, na hewa inayokimbia kati ya mabamba huanza kutoa uvumi wake yenyewe. Ukiziondoa, kelele yote iko mtaani. Turbini nazo zina msalaba wao: megawati zinazoandikwa kwenye vitabu hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15, na kila nyuzi inayoongezeka hupunguza umeme, ndiyo sababu mwenye kituo huchukia kizuizi chochote kwenye njia ya hewa. Mvutano huo hauishi kwa maneno mazuri. Unaishia kwenye mkataba.

Kabla ya mkataba, twende kwa jirani, maana naye anapumua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 juu ya kelele katika makazi ya watu, lilipendekeza desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala, na 45 nje usiku. Zile 15 za katikati zinatokana na dhana kwamba dirisha limefunguliwa kidogo tu. Benki ya Dunia nayo, kupitia miongozo ya mwaka 2007, inatumia 55 mchana na 45 usiku kwa makazi. Sasa nitajie nyumba ya kawaida Kinyerezi au Ubungo ambayo dirisha lake hufunguliwa kidogo. Dirisha letu ni nondo na wavu wa mbu, kioo kimesukumwa pembeni ili hewa iingie, na juu, kati ya ukuta na paa, mara nyingi kumeachwa mwanya. Usiku wa joto mtu hafungi, akifunga halali. Zile desibeli 15 anazohesabiwa kwenye karatasi, hana. Na bati juu ya kichwa chake halizuii mngurumo mzito, linaweza hata kutetema nao.

Kwa hiyo mtambo lazima uwe wazi, na nyumba lazima iwe wazi. Hakuna kati ya hao wawili anayeweza kujifunga. Lakini mmoja ana wahandisi, ana zabuni, ana mabilioni. Mwingine ana pazia. Mzigo wa kuzima kelele unajulikana ni wa nani.

Usiku huongeza mambo mengine. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kabla ya ile ya juu, na sauti iliyokuwa ikipaa mchana hujipinda ikarudi chini mbali na kituo. Upepo wa Kusi na wa Kaskazi nao hugawa majirani: aliye upande upepo unakoelekea anasikia, wa upande wa pili anashangaa mwenzake analalamikia nini. Na kadiri unavyokwenda mbali, milio myembamba humezwa na hewa njiani, mngurumo unabaki. Ndiyo maana wa mbali husema hasikii kelele ila anahisi kitu kifuani.

Mtu huyo huambiwa mara nyingi kwamba vipimo viko sawa. Naamini vipimo vilichukuliwa kwa uaminifu, tatizo ni kipimo. Kile cha kawaida, kinachoitwa desibeli A, kiliundwa kufuata sikio linavyosikia sauti ndogo, na sauti nzito huzipunguza sana. Mngurumo wa mitikisiko 31 kwa sekunde wenye desibeli 70 huandikwa kama 31 hivi. Karatasi inaonyesha ukimya, fremu ya dirisha inagonga. Dawa ipo na haina gharama: kifaa hicho hicho kina kipimo cha C, ambacho hukata desibeli 3 tu hapo. Pima kwa vyote viwili. Tofauti ikizidi 20, kuna mngurumo, na bomba la moshi liangaliwe.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ina NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ina kanuni za kelele na mitetemo. Sitaki kusikia kwamba tunakosa sheria. Tunachokosa ni muda wa kuzitumia pale inapofaa, yaani kabla mashine haijaagizwa. Nakumbuka miaka ya mgao mkali, 2006 na 2011. Mito imekauka, mabwawa matupu, mitambo ya dharura inaletwa ndani ya makontena na kuwashwa haraka. Nani angeuliza habari za sailensa wakati huo? Na ni haki kusema kwamba umeme wa gesi ulipoimarika, jenereta nyingi ndogo za madukani na majumbani zilinyamaza, zile zinazounguruma hatua mbili kutoka kwa mteja. Hilo ni jambo jema na lihesabiwe. Lakini sasa dharura hakuna. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa na megawati 2,115, gesi imepata nafasi ya kuvuta pumzi. Huu ndio wakati wa kupanga kwa utulivu.

Wakati huu nao una sura yake mpya ya kelele. Maji yakiwa ndiyo nguzo, vituo vya gesi vitaweza kuitwa jioni matumizi yanapopanda na kuzimwa usiku wa manane. Kuwasha na kuzima kuna sauti zake, mvuke unaoachiwa, gesi inayotolewa kwenye mabomba. Sauti ya ghafla humwamsha mtu kuliko uvumi wa kudumu. Kwa hiyo valvu za kuachia mvuke zinahitaji sailensa zao, na sauti hizo za ghafla hazionekani kwenye wastani wa saa 24 tunaopenda kuuandika.

Katika zabuni, basi, ningependa kuona yafuatayo yameandikwa kwa tarakimu, siyo kwa ahadi. Kelele kwenye nyumba ya jirani wa karibu, usiku, dirisha likiwa wazi, kwa vipimo vya A na C. Joto la ukumbi mwezi wa Februari, milango yote imefungwa. Mwendo wa hewa ndani ya kasha, umethibitishwa mahali pale pale. Haya yakikaguliwa pamoja siku moja, mjenzi hawezi kutimiza la hewa kwa kuvunja la sauti. Yakikaguliwa siku tofauti, atafanya hivyo na hutagundua. Pia feni za rejeta zilizo nje, zile za kupooza maji ya injini, ziwe kubwa na za mwendo wa taratibu, kwa sababu ukipunguza mzunguko wa feni nusu unapata nafuu ya desibeli 15 hivi, na usiku hewa ikipoa zinaweza kupunguzwa zaidi. Na viwanja vya kuzunguka kituo vibaki bila nyumba. Mji wetu umekuwa ukikua hadi kwenye uzio, ramani ikifuata nyuma. Kila umbali unapoongezeka maradufu kelele hushuka kama desibeli 6, na hakuna sailensa inayopatikana kwa bei ya ardhi iliyoachwa mapema.

Wewe unayeishi karibu na kituo, malalamiko yako yatasaidia zaidi yakieleza sauti yenyewe. Andika saa, andika upepo unatoka wapi. Ukisikia mlio mwembamba kama wa filimbi, mhandisi ataanza kwenye njia ya kuvutia hewa. Mngurumo unaogongesha fremu na sahani kabatini utampeleka kwenye bomba la moshi. Uvumi unaopanda na kushuka, unapanda na kushuka, ni feni kadhaa zinazozunguka kwa mwendo unaokaribiana, na hizo hurekebishwa kwa kubadili mwendo wa mojawapo. Mlipuko wa mvuke wa ghafla utafutwe kwenye kumbukumbu za waliokuwa zamu usiku ule. Peleka maandishi hayo kituoni, na nakala yake NEMC, na uombe kipimo kifanyike chumbani kwako, saa hiyo hiyo uliyoandika.